Mtoto Aliyezaliwa na Ngiri ya Kiwambo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi Baada ya Upasuaji

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi na walezi ambao mtoto wao amekwisha kufanyiwa upasuaji wa ngiri ya kiwambo na sasa yuko nyumbani. Mimi ni muuguzi katika kliniki inayowafuatilia watoto baada ya upasuaji, na maswali yaliyomo humu ndiyo ninayoulizwa kila wiki, mara nyingi mama akiwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni na mkono wake umeshika kitasa cha mlango. Kwa kuwa muda wa kliniki ni mfupi, nimeona ni vema majibu yakae mahali ambapo mzazi anaweza kuyasoma kwa utulivu, pamoja na baba, bibi na yeyote anayelala na mtoto chumba kimoja.

Ngiri ya kiwambo ni nini hasa?

Kiwambo ni msuli mpana na mwembamba unaotenganisha kifua na tumbo, uliotandazwa mithili ya ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Tunapovuta pumzi, msuli huo hushuka na kuyaachia mapafu nafasi ya kujaa hewa. Hospitalini wengi hukiita diaframu. Kwa takriban mtoto 1 kati ya kila 2,500 hadi 3,000 wanaozaliwa hai, kiwambo hicho hakikufunga sawasawa katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, na kupitia tundu lililobaki, utumbo, mfuko wa chakula, wengu na pengine sehemu ya ini hupanda hadi kifuani. Kwa watoto wapatao 8 kati ya 10 tundu huwa upande wa kushoto. Aina inayoonekana zaidi, ile ya nyuma ubavuni, inaitwa kwa jina la Bochdalek, mtaalamu wa anatomia wa Prague aliyeieleza mwaka 1848.

Neno ngiri huwachanganya watu, kwa sababu wengi wamezoea kulisikia likitajwa kwa uvimbe wa kinena wa wanaume watu wazima au kwa kitovu cha mtoto kilichotokeza. Ngiri hii haionekani kwa nje wala haishikiki kwa mkono, kwa hiyo usishangae ndugu wakikuuliza mtoto alipasuliwa nini ilhali hakuwa na uvimbe wowote.

Je, nilifanya kosa lolote wakati wa ujauzito?

Hapana. Tundu hilo hutokea mapema mno, wakati ambapo wanawake wengi hawajaanza hata kuhudhuria kliniki ya wajawazito, na halisababishwi na kubeba ndoo za maji, kulima, kugombana na mume, wala kula au kutokula chakula fulani. Baadhi ya watoto huwa na tatizo la vinasaba au kasoro nyingine, hasa za moyo, na ndiyo maana daktari hupima moyo na kuukagua mwili mzima. Pale ambapo ngiri imetokea peke yake, uwezekano wa mdogo wake kuzaliwa nayo ni mdogo, karibu 2 kati ya 100, lakini katika ujauzito unaofuata ni vema kupiga picha ya ultrasaundi ya kina, karibu na wiki ya 20, katika hospitali yenye mtaalamu. Ninaomba baba asome jibu hili pia, kwa kuwa nimewaona akina mama walioubeba mzigo wa lawama peke yao kwa miaka.

Daktari amesema tundu limezibwa. Kwa nini tuendelee kurudi kliniki?

Kwa sababu tundu lilikuwa sehemu moja tu ya ugonjwa. Mtoto alipokuwa tumboni, utumbo uliopanda kifuani uliyanyima mapafu nafasi ya kukua, hasa pafu la upande wenye tundu, hata akazaliwa na vifuko vya hewa vichache kuliko watoto wengine na mishipa ya damu ya mapafu iliyo myembamba na yenye kuta nene. Daktari wa upasuaji huurudisha utumbo mahali pake na kuufunga mwanya kwa nyuzi, au kwa kiraka kama mwanya ni mkubwa, lakini hawezi kumshonea mtoto pafu jipya. Pafu hilo hujijenga lenyewe, polepole, kwa kuongeza vifuko vya hewa katika miaka ya utotoni.

Zamani madaktari hawakuwa na haja ya kuzungumzia maisha ya baadaye ya watoto hawa, kwa sababu wengi hawakufikia umri huo. Mwaka 1946 ndipo Robert Gross wa Boston alipotoa taarifa ya kumpasua kwa mafanikio mtoto aliyekuwa na umri usiotimia saa 24. Leo, katika vituo vyenye vifaa kamili duniani, watoto wapatao 7 kati ya 10 wanapona, ingawa katika nchi zetu idadi ni ndogo kuliko hiyo, kwa kuwa wengi hufariki kabla ya kumfikia daktari wa upasuaji. Kadiri wanaopona walivyoongezeka, ndivyo ilivyoonekana kwamba mtoto anaweza kuondoka hospitalini akiwa amechangamka, kisha mwaka wa pili au wa tatu likajitokeza tatizo la kusikia, la uzito, la mgongo au la ngiri kurudi. Matatizo haya mengi yanatibika yakigunduliwa mapema, na mengi huanza bila dalili ambayo mzazi angeweza kuiona nyumbani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kutokatiza kliniki, hata mtoto anapokimbia uani na wenzake na nauli ni ya kutafuta.

Mapafu yake yatakuwa na nguvu kama ya watoto wengine?

Watoto wengi huishi wakipumua vizuri bila mashine wala oksijeni, ingawa vipimo vya ukubwani huonyesha mara nyingi kwamba mapafu yao yana uwezo mdogo kiasi kuliko ya wenzao. Katika miaka miwili ya kwanza hali huwa dhaifu zaidi. Mafua ya kawaida yanaweza kushuka kifuani haraka, na wengine hukoroma au kutoa sauti ya mluzi kifuani kama wenye pumu, hata wakahitaji dawa ya kuvuta kupitia chombo maalumu chenye barakoa ndogo.

Jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia au amelala, mfunue tumbo, weka simu yenye saa kando yake, na uhesabu tumbo linavyopanda kwa dakika 1 nzima, usihesabu nusu dakika ukazidisha. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa aliye na miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa aliye na mwaka 1 hadi 5, ni pumzi za haraka. Kuna watoto wetu ambao kawaida yao ni kupumua kwa kasi kidogo kuliko wengine. Kwa hiyo mhesabu akiwa mzima, mara kadhaa, uandike namba nyuma ya kadi ya kliniki, ili siku akiugua uwe na kitu cha kulinganisha. Mama mmoja alinionyesha kadi yenye safu nzima ya namba hizo kwa kalamu ya bluu, 38, 40, 37, 39, kisha 58 ya alfajiri ileile aliyomleta. Daktari wa zamu hakuhitaji kuuliza mengi.

Kuhusu moshi, ninasema bila kupunguza: mtoto huyu asikae jikoni kunapowashwa kuni au mkaa, asilale kwenye chumba kinachofukizwa udi au ubani, na dawa ya mbu ya kuchoma isitumike chumbani kwake, chandarua kinatosha. Hakuna anayeruhusiwa kuvuta sigara ndani ya nyumba, hata dirisha likiwa wazi. Ninajua kwamba katika chumba cha kupanga jiko na kitanda vinaweza kutenganishwa na pazia tu, na katika hali hiyo jiko litolewe nje kila inapowezekana, na mtoto ashikwe na mtu mwingine mbali na moshi wakati wa kupika.

Je, chanjo ni salama kwake?

Ni salama na anazihitaji kuliko mtoto mwingine yeyote. Chanjo ya kuzuia kifaduro na ile ya nimonia, zinazotolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua anapofikisha miezi 9, zinakinga magonjwa ambayo mapafu yake yatayahimili kwa shida. Kama alikuwa bado amelazwa tarehe ya chanjo ilipopita, usianze kuhesabu upya wala usiiache. Mwonyeshe muuguzi kadi, naye ataendelea pale ilipokatikia.

Shinikizo la damu la mapafu ni nini, na tunaishi mwinuko mkubwa, je, kuna athari?

Ni shinikizo lililo ndani ya mishipa inayopeleka damu kwenye mapafu, tofauti na presha inayopimwa mkononi. Likiwa juu, upande wa kulia wa moyo hufanya kazi nzito kuliko kawaida na hatimaye huchoka. Kwa watoto wengi hushuka lenyewe katika wiki au miezi ya mwanzo, lakini kwa baadhi hubaki, nao hupewa dawa kama sildenafili na kupimwa moyo kwa mawimbi ya sauti mara kwa mara. Dawa hiyo haikatizwi kwa sababu imekwisha nyumbani. Chupa inapofika robo, nenda kaijaze.

Mwinuko una athari. Kadiri mtu anavyopanda kutoka usawa wa bahari ndivyo kila pumzi inavyobeba oksijeni kidogo, na oksijeni ikipungua mishipa ya mapafu hubana. Mtoto aliyetulia vizuri Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuchoka akipelekwa Eldoret au Njombe, na ndani ya ndege hali ya hewa hufanana na ya mlimani. Mtoto ambaye vipimo vyake vya moyo vimerudi kuwa vya kawaida kwa kawaida husafiri bila shida. Aliye bado kwenye dawa au oksijeni asihamishiwe nyanda za juu wala asipandishwe ndege kabla daktari wake hajasema.

Kwa nini haongezeki uzito ilhali ananyonya na kula?

Hili ndilo swali linalonichukulia muda mrefu kuliko yote, na linastahili. Sababu huwa zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Kupumua kunamgharimu nguvu nyingi, kwa hiyo chakula kinachomtosha mtoto mwingine hakimtoshi yeye. Pili, umbo la tumbo lake na mahali mfuko wa chakula unapoungana na koo la chakula vimebadilika, na maziwa hurudi juu kwa urahisi: anacheua, anatapika, anajikunja mgongo na kulia katikati ya kunyonya. Tatu, mtoto aliyekaa wiki nyingi na mrija puani au mdomoni hujifunza kwamba kila kinachogusa midomo yake kinaumiza, naye hugeuza uso anapoona kijiko. Mama huyo hasumbuliwi na mtoto mkaidi; anashughulika na mtoto mwenye hofu.

Mnyonyeshe mara nyingi na kidogokidogo, mkiwa mmeketi, na umshike wima kwa nusu saa baada ya kula. Kama hawezi kunyonya hadi ashibe, kamua maziwa na umpe kwa kikombe kidogo. Akifikisha miezi 6, uji wake uwe mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko unapokiinamisha, na kila bakuli liongezwe kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia au siagi ya karanga, pamoja na yai, dagaa waliosagwa vizuri, maziwa au parachichi. Uji mwepesi unajaza tumbo lake dogo kwa maji, na kuchanganya aina nyingi za nafaka ndani ya unga wa lishe hakuongezi nguvu kama wengi wanavyoamini. Kwa mtoto anayeogopa kijiko, mwache kwanza ashike chakula, akipake, akilambe kidoleni. Usimbane pua wala usimlaze chali na kummiminia uji. Nimempokea mtoto aliyeingiwa na uji kwenye mapafu kwa njia hiyo, na bibi yake alikuwa akifanya kwa mapenzi.

Itazame kadi. Mtoto huyu anaweza kuwa chini kuliko wenzake na bado akawa salama ikiwa mstari wake unapanda. Mstari uliolala kwa miezi 2 ni sababu ya kuja kliniki bila kungoja tarehe. Zipo dawa za kupunguza asidi, upo mrija wa kulishia kupitia tumboni unaowekwa kwa muda, na wachache hufanyiwa upasuaji wa kuzuia chakula kurudi juu. Wazazi wengi huuogopa mrija wa tumboni, ila wengi wa waliokubali wameniambia kwamba walitamani wangekubali mapema, kwa kuwa kula kuliacha kuwa vita ya kila siku.

Nimeshauriwa akakatwe kimeo kwa sababu anakohoa na kutapika. Je, itamsaidia?

Haitamsaidia, na inaweza kumuua. Kikohozi chake kinatokana na mapafu machanga au maziwa yanayorudi juu, na kukata kimeo huleta damu nyingi, maambukizi na pepopunda. Vivyo hivyo kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki, na kumnywesha dawa za kienyeji za mchango. Kama mkubwa katika familia anashikilia jambo hilo, njoo naye kliniki. Mara nyingi akionyeshwa picha ya kifua cha mjukuu wake na kuelezwa kwa heshima, yeye mwenyewe huwa mlinzi wa mtoto.

Ngiri inaweza kurudi?

Ndiyo, hasa kwa mtoto aliyewekewa kiraka, kwa kuwa mtoto anakua na kiraka hakikui, na ukingo wake unaweza kuachia. Wengi wanaorudiwa hurudiwa katika miaka michache ya mwanzo, na wengine hawaonyeshi dalili yoyote, kwa hiyo picha ya kifua hupigwa hata mtoto akiwa mzima. Pamoja na hilo, watoto hawa huzaliwa na utumbo ambao haukujipanga kama kawaida, na makovu ya ndani baada ya upasuaji yanaweza kuubana.

Mpeleke hospitali mara moja, usiku au mchana, akitapika matapishi ya kijani, tumbo likivimba na kuwa gumu, akikosa choo na hewa huku akilia kwa maumivu, akipumua kwa kasi au kwa kubonyea mbavu, au ulimi na ufizi ukigeuka rangi ya bluu au kijivu. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi usitegemee rangi ya uso, mfungue mdomo.

Atasikia, atazungumza na kutembea kwa wakati?

Baadhi huchelewa kukaa, kutambaa au kuzungumza, hasa waliokaa muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia, na wengi wao hufikia hatua hizo baadaye wakipata mazoezi. Wachache hubaki na ugumu wa kutulia darasani au wa kujifunza. Kuhusu masikio ninahimiza zaidi: upotevu wa usikivu unaweza kuanza baada ya kutoka hospitalini, kwa mtoto aliyepimwa akaonekana sawa. Kipimo kimoja cha utotoni hakitoshi. Arudiwe kila baada ya miezi michache hadi afikishe angalau miaka 3, na wakati wowote unapoona haitiki jina lake akiwa amekupa mgongo.

Je, kifua na mgongo vitakaa sawa?

Upande uliopasuliwa unaweza kubonyea, na uti wa mgongo unaweza kupinda kidogokidogo, hasa anaporefuka kwa kasi wakati wa kubalehe. Mvue shati, mwambie ainame mbele mikono ikining'inia, kisha utazame kutoka nyuma kama upande mmoja wa mbavu umeinuka kuliko mwingine. Fanya hivyo kila muhula shule zinapofungwa.

Anaruhusiwa kucheza mpira?

Anaruhusiwa, na anapaswa kucheza. Mpira, rede, kombolela na kuogelea huyajenga mapafu yake. Atachoka mapema kuliko wenzake, kwa hiyo mwalimu aelezwe kwamba mtoto akisimama kupumzika asilazimishwe kumaliza mbio, wala asikalishwe pembeni kila kipindi cha michezo kama mgonjwa. Aliye na shinikizo la mapafu lisilotulia apate kwanza kauli ya daktari wa moyo.

Wetu aligunduliwa akiwa na mwaka mmoja. Je, haya yote yanamhusu?

Kwa sehemu. Mtoto ambaye ngiri yake iligunduliwa baadaye, mara nyingi baada ya kutibiwa nimonia isiyokwisha, kwa kawaida ana mapafu yaliyokua vizuri zaidi, na mustakabali wake ni mwema. Hata hivyo, kurudi kwa ngiri na kujifunga kwa utumbo vinamhusu kama wenzake.

Nihifadhi karatasi gani, na hadi lini?

Hifadhi barua ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, taarifa ya upasuaji inayoeleza upande na kama kiraka kiliwekwa, majibu ya vipimo vya moyo na masikio, na picha ya kifua ya mwisho aliyopigwa akiwa mzima. Zipige picha kwa simu na uzitume kwa mtu mwingine wa familia. Kifua cha mtoto huyu hakifanani na cha mwingine hata akiwa na afya njema, na daktari wa dharura asiyejua historia yake anaweza kuona utumbo uliopanda kifuani akadhani ni hewa au maji nje ya pafu, akaingiza mrija mahali ambapo hapakustahili kuguswa.

Karatasi hizo zinabaki na kazi hata utu uzimani. Binti aliyezaliwa na ngiri ya kiwambo akipata ujauzito, awaambie wakunga katika hudhurio la kwanza, kwa sababu tumbo linapokua shinikizo huongezeka dhidi ya mshono wa zamani. Na kijana anayehama nyumbani kwenda chuo au kazini aondoke na nakala yake mwenyewe, akijua kueleza kwa sentensi mbili alichofanyiwa na upande gani.